"Leta ukiwa tayari": kazi isiyo na tarehe inavyomla mwandishi

Leo katika safu yetu ya afya na usafi tutazungumzia maradhi ambayo hayaletwi na mbu wala na maji machafu, na ambayo hayaonekani kwenye darubini ya maabara. Huanza na maneno matatu matamu anayoambiwa mtu anayeishi kwa kuandika: "Leta ukiwa tayari."

Anayeyatamka hana nia mbaya. Mara nyingi anadhani anakufanyia ihsani. Nawe unayapokea kwa furaha, kwani hakuna anayependa kusukumwa. Lakini miezi sita baadaye kazi bado iko ukurasa wa ishirini, malipo hayajaingia, kichwa kinauma, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, na kila simu inapolia moyo unashtuka ukidhani ni mwenye kazi. Hapo ndipo mtu hufika zahanati kuomba dawa ya kichwa.

Ninachotaka uondoke nacho leo ni hiki: kazi isiyo na tarehe si kazi yenye muda mwingi. Ni kazi isiyo na mwisho, na mwili ndio unaolipa gharama yake. Dawa yake ya kwanza haiuzwi duka la dawa, na unaweza kuanza kuitumia kabla ya adhana ya swala inayofuata.

Tunamzungumzia nani?

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, na hasa tangu wizara zilipohamia hapa, mji wetu una watu wengi wanaoishi kwa kalamu bila kuajiriwa na mtu. Yuko mwandishi wa habari wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari inayotoka gazetini. Yuko anayefasiri vitabu na ripoti kutoka Kiingereza au Kiarabu. Yuko anayetunga michezo ya redio, anayesahihisha tasnifu za wanafunzi, na anayeandaa vitabu vya kufundishia madrasa. Wako pia dada zetu wanaofanya kazi hizi nyumbani, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwa mtoto.

Baadhi ya kazi hizo zina tarehe. Bunge la bajeti likianza Aprili, mwandishi wa habari anajua kwamba Juni ikiisha nalo limekwisha. Huyo anachoka, lakini anajua lini atapumzika. Tunayemzungumzia leo ni yule wa kitabu, mswada au ripoti ambayo hakuna aliyesema lini itakwisha.

Mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa naye hana bosi wa kumtajia tarehe, lakini mvua humtajia. Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, na Aprili unafikia ukingoni. Asiyekuwa ameandaa shamba la mtama au uwele wakati huo anajua atakavyolala mwakani. Mwandishi hana mvua. Asipojiwekea tarehe, hakuna wingu litakalokuja kumkumbusha.

Kwa nini muda mrefu hauleti nafuu?

Mwaka 1955 Mwingereza aitwaye Cyril Northcote Parkinson aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote iliopewa. Aliandika kwa mzaha, lakini kila mwenye uzoefu anajua ni kweli. Barua ya nusu saa, ukiipa siku nzima, itakula siku nzima. Sasa jiulize, kazi iliyopewa muda usio na mwisho itatanuka mpaka wapi?

Kabla yake, mwaka 1927, mtaalamu wa saikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti uliohusu namna watu wanavyozikumbuka kazi zilizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Wewe mwenyewe unalijua hilo. Deni ulilolipa hulikumbuki, usilolipa linakuja mpaka kitandani. Kazi ambayo haijakwisha hukaa kichwani kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Umekaa na familia, lakini fikra ziko kwenye sura ya nne. Umesimama katika swala, ghafla unatunga sentensi.

Mwaka 2002 watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwandishi angelijua. Waliwapa wanafunzi maandishi matatu wasahihishe makosa, kwa malipo, na aliyechelewa alikatwa. Kundi la kwanza lilitakiwa kurudisha andiko moja kila wiki. Kundi la pili liliambiwa lirudishe yote siku ya mwisho, baada ya wiki tatu. Kundi la tatu liliachiwa lijipangie lenyewe tarehe zake. Waliopangiwa kila wiki walikamata makosa mengi zaidi na walichelewa kidogo zaidi. Walioachiwa mpaka siku ya mwisho ndio waliofanya vibaya kuliko wote. Waliojipangia wenyewe walikuwa katikati.

Yashike mafunzo mawili hapo. La kwanza, tarehe unayojiwekea mwenyewe ni bora kuliko kutokuwa na tarehe. La pili, tarehe inayojulikana na mtu mwingine ni bora zaidi. Tutayarudia tutakapofika kwenye dawa.

Sisi wa Dodoma tuna mfano mkubwa mlangoni kwetu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mpango ulikuwa kazi ikamilike ndani ya miaka 10. Miaka 10 ikapita. Sababu zilikuwapo na zilikuwa za kweli, ikiwemo uhaba wa fedha na vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979. Lakini baada ya tarehe ile kupita, kwa wananchi wengi jambo hili likawa la "iko siku". Julai 2016 Rais John Magufuli alipotaja kuwa serikali yote itakuwa Dodoma kabla ya mwaka 2020 kwisha, Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo huo, wizara zikafuata, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Jambo lililokaa zaidi ya miaka 40 lilipata mwendo lilipopata tarehe ya karibu. Ikiwa mji mzima huhitaji tarehe, sembuse kitabu chako?

Mwili unavyolipa

Chukua mfano wa kijana wa miaka 35 aliyepewa kitabu cha kurasa 120 akifasiri, akalipwa kitangulizi kidogo na kuambiwa alete akiwa tayari. Kwa kuwa hakuna haraka, mchana anafanya mambo mengine. Usiku dhamira inamsuta, anakaa mpaka saa nane. Asubuhi kachoka, hafanyi chochote, na usiku dhamira inarudi. Hafanyi kazi sawasawa wala hapumziki sawasawa. Haya ndiyo yanayompata.

Usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku mmoja. Anayelala nne anapungukiwa umakini, hukasirika haraka, na maandishi yake yanajaa makosa ambayo kesho atatumia saa nyingine kuyasahihisha. Ili akeshe anakunywa kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu. Ikumbukwe kwamba kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini uliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Kahawa ya saa kumi na moja jioni bado inafanya kazi saa nne usiku.

Presha na moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mwandishi wa kujitegemea huwa hahesabu saa zake, kwa sababu hana geti la kuingilia wala la kutokea. Zaidi ya hayo, presha haina dalili kwa wengi. Ukisubiri kichwa kiume ndipo upime, huenda umechelewa. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine na kikabaki huko huko, hilo linahitaji tiba.

Tumbo. Kuna imani kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria aitwaye Helicobacter pylori na nafasi yake katika maradhi hayo. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hapa ndipo mwandishi anapojiumiza. Mgongo unauma kwa kukaa, ananunua diklofenaki bila kupimwa, anaimeza tumboni hamna kitu, kisha anaongeza kahawa. Akianza kuungua kifuani anasema ni mawazo. Mawazo yamechangia kumfikisha hapo, lakini kidonge kimefanya kazi yake.

Mgongo, shingo na haja. Wengi hawana meza. Wanakaa kitandani au mkekani, kompyuta mapajani, shingo imeinama. Kwa sababu wanataka "kumalizia aya hii tu", hawanywi maji, na wakibanwa na haja ndogo wanajizuia. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa miezi ya kipupwe. Maji machache na kukaa kutwa huleta choo kigumu, na choo kigumu huleta bawasiri. Angalia mkojo wako: ukiwa wa njano iliyokolea, huna maji ya kutosha.

Macho. Anayekodolea kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, hivyo macho hukauka na kuwasha. Ongeza upepo na vumbi letu, mtu anayafikicha kwa vidole vilivyokuwa kwenye simu na kwenye vibonye vya kompyuta visivyofutwa tangu vinunuliwe. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita sita, kwa sekunde 20. Futa vibonye na simu kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo wakati kompyuta imezimwa. Usitumie taulo ya uso ya mtu mwingine, kwani ugonjwa wa vikope, ambao Kongwa na vijiji vingi vya kanda hii vinaujua vizuri, huambukizwa pia kwa njia hiyo. Na kama umepita miaka 40 na unasogeza karatasi mbali ili usome, nenda ukapimwe miwani.

Dawa: hatua sita

1. Omba tarehe, na iandike. Mtu akikwambia lete ukiwa tayari, mwambie kwa adabu: "Nashukuru, lakini tukubaliane siku." Asipotaja, taja wewe, kisha mtumie ujumbe wa maandishi wenye kazi yenyewe, idadi ya kurasa, malipo na tarehe. Usione haya. Katika Suratul Baqara aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah (S.W.) anawaelekeza waumini kuandika deni lenye muda maalumu, na wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mtume (S.A.W.) naye alipofika Madina akawakuta watu wakilipana kabla kwa ajili ya tende, aliwaelekeza iwe kwa kipimo kinachojulikana na hadi muda unaojulikana. Ukishapokea kitangulizi, kazi ni deni juu yako. Tarehe inamlinda mteja, na inakulinda wewe pia usidaiwe kwa ghafla wala usicheleweshewe malipo.

2. Piga hesabu kabla ya kutaja. Turudi kwa kijana wetu mwenye kurasa 120. Akifasiri kurasa nne kwa siku, atahitaji siku 30 za kazi. Akifanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki sita. Aongeze wiki moja ya kusoma upya na kusahihisha. Aongeze wiki nyingine ya dharura, maana umeme hukatika, mtoto huugua na msiba hauombi ruhusa. Jumla ni wiki nane. Hiyo ndiyo tarehe ya kumpa mteja. Anayetaja wiki nne ili apendwe anajitia kitanzi mwenyewe, na anayesema "tutaona" ndiye tuliyemkuta zahanati.

3. Igawe, na kila kipande kikabidhiwe. Badala ya kumkabidhi mteja kurasa 120 kwa mkupuo, mpe 20 kila mwishoni mwa wiki, na mkubaliane malipo yafuate vipande. Wakubwa wetu walipita njia hii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, likitoka kila wiki, na makala zake nyingi za gazetini zilikusanywa baadaye kuwa kitabu, Uwongozi. Lakini tafsiri yake ya Qur'an, kazi kubwa aliyoifanya huku akibeba majukumu ya Kadhi Mkuu wa Kenya, ilikuwa haijakamilika alipofariki mwaka 1947, na ilichapishwa na waliobaki. Hatusemi alizembea, ajali iko kwa Allah. Tunachojifunza ni kwamba kipande kilichokwisha kutoka mkononi kinawafaa watu, iwe mwenyewe yupo au hayupo. Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy wa Zanzibar naye alikuwa akiitoa tafsiri yake kwa sehemu, mwaka baada ya mwaka, na kitabu kizima, Qurani Takatifu, kilitoka Nairobi mwaka 1969. Wasomaji hawakusubiri mpaka siku ya mwisho ndipo wafaidike.

4. Itundike kazi kwenye swala. Wewe Muislamu una saa ukutani ambayo haihitaji betri. Kwetu huku, karibu na ikweta, nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima, basi ni rahisi kuzifanya vigingi vya siku yako. Baada ya Alfajiri, kabla nyumba haijaamka na simu hazijaanza, andika kurasa mbili. Baada ya kifungua kinywa mpaka Adhuhuri, mbili nyingine. Baada ya Adhuhuri kula, na ukiweza jinyooshe dakika 20. Kati ya Adhuhuri na Alasiri shughulikia yasiyohitaji akili nyingi, kama kujibu ujumbe, kudai malipo na kwenda stendi kupokea mzigo. Baada ya Alasiri tembea nusu saa. Ukifanya hivyo siku tano, umetimiza dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kila unapoinuka kutawadha mgongo unanyooka, macho yanapumzika na uso unaoshwa. Anayeichelewesha swala ili "amalizie aya" anapoteza ibada na tiba kwa pamoja. Zaidi ya swala, simama kila nusu saa japo kwa dakika mbili.

5. Tafuta wa kukuuliza. Kumbuka lile jaribio la mwaka 2002: waliojipangia wenyewe walikuwa katikati, hawakuwa wa kwanza. Basi tarehe yako isibaki kifuani. Mwambie mke au mume, mwandishi mwenzako, au ustadhi wako: "Ijumaa baada ya swala niulize kama nimekabidhi kurasa 20." Mtu wa kukuuliza asiwe wa kukufokea. Kazi yake ni kuuliza tu, nawe kazi yako ni kujibu ukweli. Ukiwa umekwama, mpigie mwenye kazi kabla ya tarehe, usingoje ipite. Simu moja ya dakika tatu, ukisema umefika wapi na utafika lini, inatibu usiku kumi wa mashaka.

6. Funga duka. Baada ya Isha kazi imekwisha. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, na daktari wa leo atakwambia hayo hayo kuhusu kompyuta na simu kitandani. Kabla ya kulala chukua dakika tano uandike kwenye karatasi unayotakiwa kufanya kesho. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio la watu 57. Walioandika mambo yao ya mbele walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Ukishayaweka kwenye karatasi, kichwa hakina haja ya kuyashika. Na amua mapema kazi itahesabika imekwisha lini: ukiisoma mara mbili na mwenzako mara moja, ipeleke. Kitabu kisichokuwa na dosari hata moja ni cha Allah peke yake.

Neno kwa watu wa nyumbani

Maradhi haya huhusu nyumba nzima. Mtu anayefanyia kazi nyumbani huonekana kama hana kazi. Anatumwa sokoni, anaachiwa watoto, mgeni akija yeye ndiye wa kuongea naye. Kwa akina mama ndio zaidi, kwa sababu wanaandika baada ya kupika, kufua na kulaza, yaani usiku wa manane.

Basi kubalianeni. Mama wa nyumba akiwa ndiye mwandishi, apewe saa mbili za mchana ambazo baba, shangazi au watoto wakubwa wanashika nyumba. Akiwa ni baba, asijifungie kutwa nzima kwa kisingizio cha kazi isiyo na mwisho. Aseme "nitatoka saa sita", na saa sita atoke. Mpeni meza na kiti hata kama ni vya kawaida, mahali penye mwanga unaotoka ubavuni. Chakula kiliwe kwa wakati, kwenye jamvi na wenzake. Sahani isipelekwe kwenye kompyuta, kwani makombo hukaribisha mende na panya, na mikono yenye mafuta hurudi kwenye vibonye na kisha machoni. Wala msimuulize "Umemaliza?" kila jioni. Muulizeni "Leo umefika wapi?" Swali la kwanza linamfunga mdomo, la pili linampa nafasi ya kuona hatua aliyopiga.

Lini uende hospitali

Mpangilio mzuri hautibu kila kitu. Nenda kituo cha afya bila kungoja ukiona haya: maumivu ya kifua yanayobana, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu ghafla, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuisikia, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, jicho jekundu lenye maumivu au linaloona ukungu. Kwa presha, kila mtu mzima apime japo mara moja kwa mwaka hata kama anajisikia mzima.

Lipo jingine ambalo watu wetu hulificha. Ukiona wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, usingizi umekataa, unajiona huna thamani, au yamekujia mawazo ya kujidhuru, hayo si uvivu wala si udhaifu wa imani. Ni maradhi yenye tiba. Hapa Dodoma jina la Mirembe limefanywa la utani, mtu akitajiwa huona ametukanwa. Hospitali ya Mirembe ni hospitali kama nyingine, na wengi wanaotibiwa maradhi ya akili hurudi kazini na kwenye familia zao. Waweza kuanza kwa kuzungumza na mhudumu wa zahanati iliyo karibu nawe. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usikae peke yako, mwambie mtu leo hii akupeleke.

Ndugu msomaji, tumefundishwa kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Mwandishi wa kazi isiyo na tarehe huzipoteza zote mbili kwa mpigo, huku akidhani muda anao. Kama una kazi ya namna hiyo kabatini, leo baada ya Isha ichukue, hesabu kurasa zilizobaki, gawa kwa unazoweza kwa siku, ongeza wiki ya kusahihisha na wiki ya dharura, kisha mtumie mwenyewe ujumbe wenye siku na mwezi. Halafu zima simu ulale. Alfajiri utaamka ukiwa na kurasa nne tu za kufanya.

Wabillahi Tawfiq.